Matemwe mpaka Jambiani kwa miguu: mwongozo wa siku tano ufukweni na washkaji, jua na mvua zikipokezana

Hii njia nimeitembea mara mbili, mara ya kwanza tukiwa sita na tukaiharibu, mara ya pili tukiwa watano na ikatoka poa kabisa, kwaiyo ninachoandika hapa ni mchanganyiko wa zote mbili. Ni pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Matemwe kule juu unashuka Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Chwaka, hapo unavuka ghuba kwa boti mpaka Michamvi, alafu Dongwe, Bwejuu, Paje, unamalizia Jambiani. Wenye miguu bado wanaweza kuendelea Makunduchi. Hakuna mlima, hakuna simba, kila baada ya saa moja au mbili unakuta kijiji chenye duka na msikiti na mtu wa kumuuliza, yaani kwa kuangalia kwenye ramani unaona ni matembezi ya watoto wa shule. Kinachowashinda watu sio umbali, ni maji. Ukiielewa ratiba ya maji umeshaimaliza safari kabla hujafunga begi, usipoielewa utatembea nusu ya njia barabarani kwenye lami na jua la utosi.

Kwanza kabisa: panga tarehe kwa mwezi, usipange kwa wikiendi

Wengi tunapanga kwa kalenda ya kazini, Ijumaa natoka, Jumatano narudi. Alafu mnafika ufukweni mmevaa raba zenu mnakuta maji yamejaa mpaka kwenye kuta za hoteli, mchanga wa kukanyaga haupo, mnabaki mnaangaliana.

Hii pwani ina mwamba wa matumbawe mbali kule mbele, ule mstari mweupe wa mawimbi unaouona, na kati ya mwamba na nchi kavu kuna uwanja mpana wa maji mafupi. Maji yakipwa uwanja wote unabaki mtupu, sehemu nyingine bahari inarudi nyuma zaidi ya kilomita moja, na pembeni yake unabaki mchanga mgumu ulioshindiliwa ambao unatembea kama uko sebuleni. Yakijaa, unabaki na kamchanga laini ka juu kanakozamisha miguu, au hakabaki kitu.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba inasogea mbele, dakika arobaini mpaka saa nzima inategemea. Wakati wa bamvu, yaani siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, kama mwezi saba, nane, na ishirini na mbili, tatu hivi, tofauti ni kama mita 1 tu, bahari haitoki sana wala haiji sana.

Sasa sikia uzuri wa Unguja. Siku za bamvu maji yanapwa kama saa 4 asubuhi na yanajaa kama saa 10 jioni, karibu kila bamvu ni hivyo hivyo. Maana yake asubuhi yote, kabla jua halijawa kali, ufukwe ni wenu. Siku za maji mafu inakuwa kinyume, asubuhi saa 4 ndo yamejaa na kupwa ni saa 10 jioni. Kwaiyo anzeni siku moja kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, hapo kupwa kwa siku zenu tano kutakuwa takriban hivi: siku ya kwanza saa 3 na nusu asubuhi, ya pili saa 4 na dakika kadhaa, ya tatu saa 5 kasoro, ya nne saa 5 na nusu, ya tano saa 6 na kitu. Unaanza kutembea saa mbili na nusu au tatu kabla ya kupwa, unamaliza saa mbili baada ya kupwa. Hiyo ndo dirisha lako, nje ya hapo pumzika, kula, lala.

Kama huna jedwali la maji kwenye simu, uliza mzee yeyote pwani "leo mwezi ngapi?", hawahesabu Jumatatu Jumanne kwenye mambo ya bahari, wanahesabu mwezi, akikwambia mwezi kumi na nne unajua bamvu limeingia.

Na hapa ndo nisimulie tulivyoharibu mara ya kwanza, mana sijaona mtu analisema hili. Mshkaji wetu mmoja wa Mbeya ndo alikuwa na jedwali kwenye simu. Siku ya pili tukiwa Kiwengwa akasoma, kupwa 10:10, kujaa 16:15. Akatuambia kwa kujiamini kabisa, jamani kupwa saa 10 jioni, asubuhi tuleni bata. Tukala bata. Saa 8 mchana tunaanza kuelekea Pongwe maji yanatufuata kiunoni, kumbe 10:10 ya kizungu ni saa 4 asubuhi na 16:15 ni saa 10 jioni, yaani kwa bamvu ukikosea saa ya Kiswahili na ya kizungu hukosei kidogo, unakosea kinyume kabisa, kujaa unakuita kupwa. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga ngarawa yake akatuangalia akasema, "Wanangu, leo mwezi kumi na tano, nyie mnangoja maji gani?" Tulipanda juu ya mawe, tukachanika miguu, tukatokea barabarani, na mvua ikatukuta hapo hapo. Kwaiyo jedwali likishapatikana, kaa chini na daftari, toa sita kwenye kila saa, andika kwa Kiswahili, alafu hakikisha jedwali lenyewe limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki mana kuna mengine yanatumia saa za Greenwich, unatakiwa uongeze tatu kwanza.

Maji yanavyokuja, sio polepole kama unavyodhani

Kuna hesabu ya mabaharia ambayo inasaidia sana. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Chukua kimo chote, gawa kwa kumi na mbili, saa ya kwanza linapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme kimo ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, unaona bado, unaendelea kupiga picha na kuokota makombe. Saa ya tatu na ya nne kwa pamoja yamepanda mita 1.8, hicho ni kimo cha mtu mrefu.

Hatari kubwa ya pwani hii haiko pale mchangani, iko kwa wanaotembea mpaka kule mwambani kuangalia kasa na nyota za bahari. Uwanja haujalala sawasawa, katikati kuna mabonde, maji yanaporudi yanaanza kujaza mabonde kwanza, kwaiyo wewe umesimama kwenye kimwinuko miguu mikavu unadhani uko salama kumbe nyuma yako kati yako na nchi kavu maji yashakuwa kifuani. Kanuni yetu: anayetaka kwenda mwambani aende na mwenyeji, aende kabla ya kupwa, na saa ya kupwa ikifika tu ageuke hata kama ndo kwanza amefika. Ukiwaona kina mama wa mwani na wavuvi wa pweza wanaanza kurudi, rudi. Hawahitaji simu kujua saa.

Msimu na upande wa kuanzia

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei, acha. Sio mvua tu, ni kwamba hoteli na gesti nyingi zinafunga na boti hazina uhakika. Na usiseme vimbunga haviji kwetu, Mei 2024 Hidaya ilipiga pwani yetu na safari za boti za Dar na Zanzibar zikasimama.

Juni mpaka Septemba ni kusi na kipupwe, baridi nzuri ya kutembea, upepo mkali kutoka kusini mashariki. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, joto, upepo kutoka kaskazini mashariki. Kwenye kaskazi tembea kama nilivyoandika, kutoka Matemwe kushuka, upepo unakusukuma mgongoni. Kwenye kusi geuza safari yote, anzia Jambiani panda Matemwe, usibishane na kusi siku tano na begi mgongoni, mchanga unaingia machoni masikioni mpaka kwenye chapati.

Oktoba mwishoni na Novemba ni vuli, na ndo wakati wa hali ya hewa ya vituko, asubuhi jua kali, saa 6 wingu jeusi linatoka baharini, dakika ishirini mvua ya kumwaga, alafu jua tena. Mimi napenda vuli kwa sababu hakuna wageni wengi na hakuna upepo wa kusumbua, ila inataka nidhamu, na hayo nayaeleza hapo chini.

Watu na makubaliano

Wanne mpaka sita. Wakizidi hapo gesti za vijijini zinakuwa tabu na mwendo unakuwa wa msafara wa harusi. Mkae kabla, hata kwa simu, mkubaliane haya mapema mana ufukweni mtu akishachoka hasikii:

Pesa ya chakula na boti inawekwa pamoja, anashika mmoja, kila jioni anasema imebaki ngapi. Beba pesa taslimu za kutosha kutoka mjini, mashine za benki huku ni chache, na mawakala wa pesa za simu vijijini wakati mwingine wanakwambia hakuna floti.

Wa mwisho kwenye mstari ni mtu mwenye uzoefu, sio aliyechoka. Wa mbele haruhusiwi kumwacha wa mwisho akapotea machoni. Kila mtu na filimbi shingoni, utacheka, ila kwenye upepo sauti haifiki hata mita hamsini.

Mmoja akisema tusimame au turudi, tunasimama, mjadala baadaye kwenye chai. Ugomvi mkubwa tuliowahi kupata ulianzia hapo, mmoja aliona wingu akataka tukae, wengine wakamwita mama, nusu saa baadaye kila mtu amelowa hadi chupi na yeye hasemi kitu, anatuangalia tu.

Na muulizane nani hajui kuogelea, kwa ukweli. Kwetu walikuwa wawili kati ya watano, na mmoja alificha mpaka tulipofika kwenye boti Chwaka.

Begi

Kilo saba, nane zinatosha, zaidi ya hapo umebeba nyumba. Nguo mbili za kutembelea za mikono mirefu nyepesi, moja ya jioni, kofia ya ukingo mpana ifungwe kamba, kikoi au kanga mbili (ni taulo, shuka, pazia, kivuli, na heshima ukiingia kijijini), koti jepesi la mvua. Viatu, hapa wengi wanakosea. Raba mpya nzuri za mazoezi zinajaa mchanga na maji ya chumvi, siku ya pili miguu malengelenge matupu. Sisi tulibeba yeboyebo ngumu zenye kamba ya nyuma kwa ajili ya majini na mawe, na raba za zamani zilizoshazoea mguu kwa mchanga mkavu. Kandambili ni za gesti tu. Peku usitembee kwenye mwamba hata dakika moja, kuna wale wadudu wa miba mirefu myeusi, na jiwe la matumbawe linakata kama wembe.

Kila asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni, na ukihisi sehemu inawaka moto simama hapo hapo uweke plasta, usisubiri kijiji kinachofuata. Jambo lingine hakuna aliyeniambia: ufukwe umelalia upande mmoja, ukitembea siku nzima mguu mmoja uko juu mwingine chini, jioni goti na nyonga vinalalamika. Dawa yake ni kushuka kwenye mchanga tambarare karibu na maji.

Kuhusu kukinga vitu na maji, mifuko ya rambo Zanzibar imepigwa marufuku tangu 2006 na bara tangu Juni 2019, kwaiyo usitegemee utaomba dukani ya kufunikia simu. Nunua mapema begi lile la kukunja mdomo lisiloingiza maji, au tia nguo kwenye kiroba kisafi ndani ya begi, simu na pesa na vitambulisho kwenye kontena dogo la chakula lenye mfuniko wa kubana. Powabenki mbili za kundi zinatosha. Laini za simu ziwe za mitandao tofauti kati yenu.

Dawa: plasta nyingi, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, ya maumivu, ORS pakiti kumi, mafuta ya kukinga jua. Na koleo ndogo ya nyusi ya kutolea miba. Maji lita tatu mpaka nne kila mtu kwa siku, unajaza vijijini, na madafu mengi njiani.

Siku ya kwanza, Matemwe mpaka Kiwengwa

Laleni Matemwe usiku wa kabla. Daladala 118 kutoka mjini inafika, lakini kwa kusimama simama kwake usitegemee itoke mjini alfajiri ikuwahishe maji. Saa 1 asubuhi mko mchangani, kisiwa cha Mnemba kiko mbele yenu kushoto, na uwanja unaanza kufunguka.

Hii ndo siku rahisi, mchanga mweupe kama unga. Mtapita mashamba ya mwani, vile vijiti vilivyopangwa mistari na kamba zenye majani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na wengi wanaolima ni kina mama. Pita pembeni, usikate katikati, usikanyage kamba, na usimpige mtu picha ameinama kwenye maji kama vile ni mnyama wa mbugani. Salamu kwanza. "Asalaam alaykum", au "shikamoo bibi", alafu mengine yatafuata, mara nyingi atakwambia mwenyewe njia ikoje mbele.

Pwani Mchangani ni mahali pa chai, saa 3 na nusu hivi, maandazi na mbaazi za nazi kama mkibahatika. Baada ya hapo mwendo ni wa saa mbili mpaka Kiwengwa kwa watu wanaopiga stori. Mkiingia vijijini, mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, msitembee vifua wazi katikati ya nyumba za watu. Mwezi wa Ramadhani mama ntilie wengi wanafunga mchana na kula hadharani ni kukosa adabu, kwaiyo ama mhamishe safari ama mle ndani ya gesti.

Siku ya pili, Kiwengwa mpaka Uroa

Siku ndefu na ndo yenye mtego. Kati ya Kiwengwa na Pongwe mchanga unakatika katika na mawe ya matumbawe yanayoingia mpaka baharini, maji yakipwa unayazunguka kwa chini miguu mikavu, yakijaa hakuna njia, unatafuta kijia cha kutokea barabarani. Kwaiyo hii sehemu ipite kabla ya kupwa au ndani ya saa moja baada ya kupwa, sio zaidi. Sisi mara ya pili tulitoka saa 1 kamili asubuhi bila chai, tukala Pongwe. Chini ya mawe usikae kivulini sana, yamelika kwa chini, vipande vinadondoka.

Pongwe mpaka Uroa ni kawaida, inachosha kidogo kwa jua. Uroa mlale mapema.

Siku ya tatu, Chwaka na kuvuka ghuba

Asubuhi mwendo mfupi tu Uroa mpaka Chwaka. Hapo ufukwe unaishia, mbele ni ghuba kubwa ya mikoko, sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004. Usijaribu kuizunguka kwa miguu, ni tope na mizizi na mbu.

Ghuba ni fupi ya kina, maji yakipwa sehemu kubwa inabaki tupu, hivyo boti ya kwenda Michamvi Kae inapita maji yakiwa yamepanda. Ndo mana nikasema bamvu: siku hiyo kupwa ni saa 5 kasoro asubuhi, kujaa ni kama saa 11 jioni, kwaiyo kuanzia saa 9 alasiri mnavuka vizuri. Fikeni asubuhi, nendeni kwenye diko pale samaki wanaponadiwa, uliza nahodha anayevusha, mwambie mko wangapi na mabegi, kubalianeni bei kabla, ya wote sio ya kichwa, na umlipe mkifika. Muulize ana majaketi ya kuokolea mangapi, uyaone kwa macho. Sisi alikuwa nayo matatu kwa watu watano, tukamwambia babu tunaomba uazime mawili, akaenda akaazima bila neno. Kuuliza sio dharau.

Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Usimbembeleze, usimwongezee hela, kuna wanaokubali wakiongezewa na hao ndo wa kuogopa. Mna njia mbadala: gari mpaka Paje kupitia Jozani alafu Michamvi kwa barabara.

Michamvi Kae inatazama magharibi, kwaiyo ni sehemu adimu kwenye pwani hii ambayo unaona jua linazama majini. Fikeni kabla ya saa 12.

Mvua, upepo na radi

Kila jioni angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa na tahadhari za bahari. Ukiona tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo hakuna boti, na ufukwe ni kwa kuangalia tu. Zaidi ya hapo tumia macho. Mvua ya baharini unaiona inakuja: mstari wa kijivu kule nje ya mwamba, mawimbi meupe yanaongezeka, alafu upepo unabadilika ghafla na kuwa wa baridi. Ule ubaridi ukikupiga usoni una dakika chache tu, vaa koti, simu ndani ya kontena, tokeni uwanjani.

Mvua yenyewe haina shida, ni joto, mnalowa mnakauka. Shida ni radi. Kwenye uwanja uliopwa wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote. Mwanga ukipiga hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, zikiwa chini ya thelathini mko karibu mno, nendeni kwenye nyumba ya kweli au ndani ya gari, kibanda cha makuti hakitoshi na mnazi uliosimama peke yake ndo mbaya zaidi. Msirudi mchangani mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na nusu saa hizo maji hayawasubiri, kwaiyo baada ya kila mvua fungueni daftari mpige upya hesabu, bado dirisha lipo? Kama halipo, lami au bodaboda, hakuna aibu.

Mvua kubwa pia inachafua maji, huoni unapokanyaga. Buruza miguu badala ya kunyanyua, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mtikisiko anaondoka. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, alafu kituo cha afya, usikate wala kunyonya.

Siku ya nne na ya tano

Michamvi mnavuka upande wa pili, Pingwe, pale penye mgahawa maarufu juu ya jiwe majini, piga picha endelea. Dongwe na Bwejuu ni mwendo mrefu mtulivu wa minazi, mchanga mzuri, kupwa ni saa 5 na nusu kwaiyo hata mkianza saa 3 poa, ila jua linawapata, pumzikeni kivulini saa 6 mpaka saa 8 kisha malizieni Paje taratibu kwa mchanga wa juu. Usilale usingizi chini ya mnazi wenye nazi kavu. Paje kuna watu wa kaiti, wale wanaovutwa majini na tiara kubwa, kamba zao huzioni vizuri na zinakata, piteni nyuma yao kwa upande wa nchi kavu. Bei za chakula hapo zimechangamka, tafuteni mama ntilie ndani kijijini, wali, pweza wa nazi, mchicha, mtashiba.

Paje Jambiani ni asubuhi moja, na Jambiani yenyewe ni ndefu, mtafika kijijini alafu mtatembea tena saa nzima mkiwa bado kijijini. Nyumbani kwa watu msilale nje ufukweni kwa kujificha, kama gesti zimejaa nendeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, mjieleze, atawaelekeza. Mkitaka Makunduchi, mbele ya Jambiani mawe yanaanza tena na yanahitaji kupwa kabisa, siku ya sita hiyo kupwa ni karibu saa 7 mchana, sisi tuliangalia jua tukaangalia miguu tukapanda daladala. Mkiwa huko Julai kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, hiyo ni safari nyingine.

Daladala ya Jambiani kurudi mjini ni 309, muulizeni kondakta jioni ya kabla ya mwisho inapita saa ngapi, usisubiri saa 12 jioni ndo uulize. Kabla ya kupanda oga maji baridi, kung'uta begi, na suuza raba kwa maji matamu mara tatu, mana chumvi ikikaukia ndani zinapasuka soli wiki hiyo hiyo, zangu za kwanza ziliishia jalalani.